Papa Lambert Anangojea Mwangaza

Nilikosea, na heri niseme mbele ya kuulizwa. Mu sura ya nyuma niliwaambia kama Orpha hana kichwa ya kamera. Nilisema mpaka mikono yake juu ya ile kamera iko kama mikono ya mutu anakamata samaki yenye ingali hai. Mulicheka, na mimi nilicheka. Kumbe alitudanganya wote. Alimudanganya Jephté mwenye alikuwa anamufundisha, alimudanganya tantine yake, alinidanganya na mimi mwenye kusimulia, mutu muzima na mvi yangu na diplome yangu ku ukuta. Orpha alijua kamera siku mingi. Zile picha zote za flou, zenye ukungu kama mutu amepumulia mu kioo, alikuwa anaziharibu makusudi.

Wacha nirudi nyuma kidogo, hata mwenye amefika leo ajue tuko fasi gani.

Papa Lambert, baba ya Orpha, ni mutu wa Yanonge. Maisha yake yote aliendesha baleinière, zile mashua kubwa za mbao zenye moteur nyuma, anapandisha samaki na mihogo mpaka Kisangani. Sasa moyo yake imechoka, miguu inavimba, na anaishi mu commune ya Tshopo pamoja na Orpha na dada yake mwenyewe Tante Agathe, ile tantine, shangazi ya Orpha, mwanamuke mwenye anaweza kugombana na radio mpaka radio inanyamaza. Mama ya Orpha alikufa wakati Orpha hajaanza kutembea. Picha yake ilibaki moja tu, ya ubatizo, na mu ile picha, saa photographe anabonyeza, mama alikuwa amegeuza kichwa kufukuza kuku. Orpha anajua sikio ya mama yake. Anajua kilemba yake. Uso, hapana.

Na Jephté? Jephté ni kijana ya sura ya upole, na ni photographe ya matanga. Kwetu Kisangani, mbele ya kuzika mutu, familia inajipanga kando ya maiti kwa picha: watoto, kiisha wajukuu, kiisha mabokilo, njo wakwe, kiisha chorale ya kanisa. Tshopo yote inamuita Jephté, juu haharakishe watu na hasemi kwa sauti. Wanamupenda. Lakini akiingia mu avenue na begi yake ku bega, wamama wanatoka ku mulango kuangalia anapinda ku parcelle gani, mu kiwanja ya nani.

Sasa angalia kosa yake. Siku ya kuja kujionyesha ku baba ya Orpha, siku ya kusema mimi ni fulani, nimependa mutoto wenu, alivaa shati nyeupe na pantalon nyeusi, zile za matanga, juu hana nguo zingine za heshima. Na begi ya kamera aliogopa kuiacha ku nyumba, watu wataiba. Akapita vile mu avenue. Kila mutu alijua Papa Lambert iko mugonjwa. Mama ya parcelle ya kando alimuona anapinda, akaweka mikono ku kichwa, akatoa kilio. Mbele Jephté aseme hodi, parcelle ilijaa. Viti vya plastiki vilikuwa vinakuja juu ya vichwa vya watu. Bâche moja, turubai ya kivuli ya matanga, ilikuwa imesha kufungwa ku muti wa safou. Chorale walianza na sauti ya pili, juu wa sauti ya kwanza walikuwa bado njiani.

Papa Lambert akatoka na singlet, kijiko ku mukono.

"Nani amekufa?"

Mwisho mama moja wa chorale akasema polepole, "Ni wewe, papa."

Tshopo ilicheka wiki nzima. Papa Lambert hakucheka. Alimukalisha Jephté ku kiti kimoja ya vile viti, akamuambia, "Kijana, sina kitu mubaya na wewe. Lakini umepita ku mulango yangu mara moja tu, watu wamenilia. Sasa ukiwa bokilo yangu, kila Noeli watanilia? Mutoto wangu hataolewa na mutu wa matanga. Kunywa mayi, uende."

Jephté alikunywa ile mayi yote, akashukuru, akaenda.

Kiisha miguu ikavimba zaidi, na Papa Lambert akamuita Orpha peke yake.

"Mama," alimuambia, juu njo namna anamuita binti yake, "sitaki watu wabaki na picha yangu na pamba mu pua. Nataka picha ya mutu mwenye anaangalia. Na nataka wewe njo unipige. Jifunze ku yule kijana, juu hakuna mwingine anajua. Lakini siku picha yangu itatoka muzuri, urudishe kamera yake, na njia ya kwake iishe siku ileile. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, papa."

Munaona sasa. Picha moja ya baba, muzuri, na Jephté anapotea. Njo maana Orpha akawa mujinga wa kamera kuliko watu wote wa Tshopo.

*

Ile siku ya mambo yote, Jephté na Orpha walikuwa chini ya daraja la muto Tshopo, fasi wamama wanafua na kuanika mapagne, vitenge vyao, juu ya mawe. Ilikuwa asubuhi. Jephté alimupatia kamera yake ya zamani tangu mwanzo, Orpha alikuwa analala nayo kando ya mto ya kitanda. Alikuwa amevaa pagne ya manjano, na Jephté alijikaza asiangalie ile pagne, aangalie kazi.

"Élève," Jephté akauliza kama mwalimu, "nilikuambia nini juu ya mayi?"

"Inalowanisha."

"Orpha."

"Uliniambia nisiweke mutu mugongo ku mayi. Mayi inangaa, uso inabaki nyeusi kama chini ya sufuria."

"Na umeniweka fasi gani?"

"Mugongo ku mayi, maître."

Jephté akaangalia ile picha. Jephté mweusi kabisa, kama alikatwa mu karatasi, mayi nyuma inangaa. Akatikisa kichwa, lakini hakukasirika. Hakuwa anakasirikaka. Ile upole yake njo ilikuwa inamuchoma Orpha zaidi. Kama angegombeza, kudanganya kungekuwa kazi nyepesi.

"Tuanze tena," akasema. "Viwiko ku mbavu, kamera isicheze. Kiisha?"

"Macho."

"Macho kwanza. Ukishika macho ya mutu, hata sikio ikiwa flou hakuna mwenye atalalamika. Kiisha?"

"Pumzi."

"Angalia kifua yake. Mutu akisha kutoa pumzi, kuna kakimya kadogo mbele avute ingine. Uso inapumzika pale. Hajifanye bwana arusi, hajifanye chef. Iko yeye tu. Pale njo unabonyeza."

"Na kama hiyo kakimya inapita?"

"Unangoja ingine. Mutu muzima hakosi pumzi." Akajifuta jasho. "Labda mimi njo sijue kufundisha. Kila kitu unasema muzuri, kiisha kamera inakuwa flou. Tantine yako ulimupiga na vichwa viwili."

"Alisema inamufanana."

Jephté akacheka, akanyoosha mukono. "Leta nipunguze picha mu carte ya kamera, isijae."

Orpha akampa bila kufikiri, juu macho yake ilikuwa ku ule mukono. Alipokumbuka, alikuwa amechelewa. Jephté alikuwa anarudisha picha nyuma moja moja, flou, nyeusi, flou, mguu ya mutu, flou. Kiisha kidole yake ikasimama ku picha moja.

Mama mumoja alikuwa anapiga nguo ku jiwe, pa, pa, pa, na ilikuwa kama hakuna sauti ingine mu dunia.

"Nani alipiga hii?"

"Gani?"

"Orpha."

"Labda kamera yenyewe."

"Kamera yenyewe ilipiga magoti? Kamera yenyewe ilifungua diaphragme, tundu ya kuingiza mwangaza, ikafanya nyuma yote kuwa laini kama pamba, ikangoja mpaka niinue macho?"

Ilikuwa picha yake yeye. Ameinama kunywa mayi na mikono, amesikia mutu anamuita, anainua uso. Mwangaza inatoka kando. Matone ya mayi ku kidevu unaweza kuyahesabu. Na macho, macho ilikuwa muzuri sana, yenye kucheka bila mudomo kucheka. Mu maisha yake yote Jephté alipiga watu wa Tshopo, wenye kulala na wenye kusimama kando yao. Yeye hakuna mwenye alimupiga.

"Tangu lini unajua?" akauliza.

"Siku mingi."

"Tangu mwanzo?"

"Mwanzo nilikuwa kweli mujinga. Siku mbili hivi."

"Na zile zote? Na vichwa viwili?"

"Ile ilinisumbua sana. Kuharibu kama ile inaomba akili."

Alitaka acheke naye. Jephté hakucheka. Akaweka kamera juu ya jiwe polepole kama mutu anaweka mutoto kulala, akamuangalia. Na Orpha, mwenye alijifunza kusoma uso mu viseur, kadirisha ka kamera, akaona namna uso ya Jephté ilibadilika, kwanza haya, kiisha uchungu.

"Ulikuwa unanichezea."

"Hapana."

"Nilikuwa narudi ku nyumba nasema, Jephté, haujue kufundisha. Naomba Mungu anipe uvumilivu. Na wewe ulikuwa unaenda ku nyumba kucheka na tantine yako."

"Sikucheka na mutu. Jephté, sikiliza. Papa aliniomba nimuahidi kitu."

Akamuambia yote. Picha ya baba ikitoka muzuri, kamera inarudi, na njia inaisha siku ileile. Alisema haraka, kichwa chini, anakunja na kukunjua ncha ya pagne. Alipomaliza, Jephté alikuwa amekaa ku jiwe, mikono kati ya magoti.

"Donc kila picha ulikuwa unaharibu..."

"Nilikuwa nanunua siku ingine na wewe. Njo ile tu."

Ningependa niwaambie kama alimukumbatia. Watu wa kusoma riwaya wanangoja ile, najua, na mimi ningefurahi. Alinyoosha mukono kweli, akashika vidole vyake, mbele ya wamama wote wa kufua. Lakini sauti yake ilikuwa ya mutu anavuta mwiba.

"Papa yako iko namna gani leo?"

"Asubuhi alikula kidogo. Alicheka."

"Nenda umupige picha. Leo."

"Unanifukuza?"

"Orpha, unajua wanaponiita, kitu ya kwanza wananiuliza ni nini? Mbele ya kunipa kiti. Wananiuliza, 'Photographe, haukosi picha yake fasi fulani, ya wakati alikuwa muzima?' Wanaangalia begi yangu kama naweza kumutoa mule. Mama na mutoto, wote wananiangalia vile. Mimi niko mutu wa kiisha. Nafika kiisha mutu kufa, kila siku. Usifanye papa yako aningojee mimi."

"Na sisi?"

"Sisi tuko wazima. Wazima wanaweza kungoja."

"Na kama hatakubali hata siku moja?"

Jephté akaangalia mayi ya Tshopo namna inajipiga ku mawe.

"Basi wewe utakuwa na picha ya papa yako," akasema, "na mimi nitakuwa na hii. Sikujua kama naonekanaka hivi. Nani ananiangaliaka hivi?"

Orpha akalia pale, bila sauti, uso ku mapaja. Jephté alingoja. Haharakishe watu, nilisema.

"Njoo na mimi," Orpha akasema mwisho. "Ukae ku mulango tu."

"Nikipinda ku avenue yenu, watafunga bâche."

Ilikuwa mzaha na haikuwa mzaha. Akamuvalisha kamba ya kamera ku shingo, akaisawazisha, na vidole vyake vikabaki pale ku mufupa ya bega kidogo zaidi ya kazi. Kiisha akavitoa.

"Macho kwanza," akasema.

*

Orpha alipanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, kamera imefunikwa na pagne. Alipoingia mu parcelle, Tante Agathe alikuwa anatwanga pondu, majani ya mihogo, na kila neno lilikuwa linatoka pamoja na mutwangio.

"Umetoka ku mutu wako wa majeneza?"

"Mbote, tantine."

"Mbote ya nini? Macho imekuwa mekundu. Alikupiga?"

"Hapana."

"Heri angekupiga, tungejua la kusema. Ule kijana hana hata kosa mutu anaweza kushika." Akatwanga. "Mimi nilimuambia papa yako, tafuta sababu ingine, hii ya matanga haina nguvu, watu wote wanakufa. Hakunisikiliza. Na wewe acha kuota, ule hataingia hapa. Papa yako akifunga mulango, hata mimi napita dirisha."

Papa Lambert alikuwa ku kiti yake ya mbao chini ya safou, pepeo ya majani ya ngazi, ile muti ya mawese, ku mukono, anajipepea. Aliona macho ya binti yake, kiisha aliona kamera.

"Papa, leo nitakupiga."

"Aa. Umejua?"

"Nimejua."

"Umejua leo?"

Orpha akasugua kioo ya kamera na ncha ya pagne. Baba yake akaendelea kujipepea, na pembeni ya mudomo kitu kikatingishika.

"Mama, mimi niliendesha baleinière. Mbele kuna mutu na muti murefu, anapima mayi, anapiga kelele kama kuna mchanga. Nilimupata mumoja, kila tukikaribia Kisangani anapima, anapima, hata fasi mayi ni ya kuzamisha nyumba. 'Polepole, capita, kuna mchanga.' Kumbe alikuwa na mwanamuke mu mashua, na bwana ya ule mwanamuke alikuwa anangoja ku beach, ku bandari." Akakohoa, akapumua. "Mutu mwenye hataki kufika, namujua kwa mugongo."

"Ulijua, papa?"

"Nilikuwa naona ile picha ya Agathe na vichwa viwili. Hata mutu mulevi anatoa moja na nusu."

Kule ku kinu Tante Agathe akasema, "Nasikia."

Orpha akapiga magoti mbele yake, akaweka mikono juu ya miguu yenye kuvimba. Ilikuwa baridi. Aliisugua kidogo.

"Kama ulijua, mbona haukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unarudi kila siku umefurahi." Akageuza uso. "Niletee shati ya bleu. Ile mama yako alinishonea."

Akamuvalisha. Ilikuwa kubwa sasa, shingo ilikuwa inacheza mule ndani. Alimufunga vifungo moja moja, na baba aliinua kidevu kama mutoto anapelekwa kanisani. Kiisha akajiweka muzuri ku kiti.

"Bon. Piga."

Orpha akaangalia juu. Jua ilikuwa katikati kabisa, inapiga wima. Alama za kivuli zilikuwa nyeusi chini ya nyusi za baba yake, kama mashimo. Jephté alimufundisha: jua ya wima inatoboa macho ya mutu, ngoja ishuke, ipate kuingia kando. Ilikuwa kweli. Photographe yeyote angesema vile. Lakini mimi nimeahidi leo kutowadanganya tena: ilikuwa pia kitu ya mwisho yenye ilibaki ku mukono yake ya kuchelewesha, na alijua.

"Papa, jua iko mubaya. Itakufanya mashimo ku macho. Tungoje ishuke kidogo."

"Piga tu, mama. Mashimo ninayo."

"Kidogo tu. Nataka macho yako ionekane. Ya mama sina."

Pale Papa Lambert hakubisha. Alimuangalia muda mrefu, na pepeo ikasimama, kiisha ikaanza tena.

"Bon. Nilingojea mayi ipande kule Yanonge wiki nzima juu ya mchanga, nitashindwa kungojea jua?"

Wakangoja. Tante Agathe alileta mayi ya kunywa, akasema shati ya kutoka ndani ya sanduku inanuka, akarudi mu jiko kuweka pondu ku moto. Mbuzi ya jirani ilipita, ikaangalia, ikaenda. Orpha aliondoa sufuria na ndoo nyuma ya baba ili ukuta ibaki safi. Aligeuza kiti kidogo, mwangaza ikija iingie ku shavu la kushoto. Baba alikubali kugeuzwa.

"Anakula samaki?" akauliza ghafula.

"Nani?"

"Unajua nani."

"Anakula, papa."

"Ya namna gani?"

"Ya liboke, ya kupikwa mu majani. Na pilipili mingi."

"Hm." Pepeo, pepeo. "Na ku matanga, ni kweli hasemi kwa sauti?"

"Ni kweli."

"Siku ya mama yako, photographe alikuwa anapiga kelele, 'songeni, songeni', kama anapanga magunia. Nilikuwa na wewe ku mukono. Sikujua nisonge upande gani. Zile picha sikuenda kuzichukua hata moja." Kifua ilipanda polepole, ikashuka. "Ile siku ule kijana alikuja, nilimupa mayi, nikamufukuza. Na alikunywa yote. Uliona? Mutu mwingine angeacha nusu."

"Niliona."

"Kuna kitu nataka kukuambia juu yake."

"Sema, papa."

"Kiisha picha."

"Sema sasa."

"Hapana. Nikisema sasa utalia ao utacheka, mukono itatetemeka, na mimi nitakuwa na vichwa viwili." Akatabasamu, na ilikuwa ile tabasamu yenye Orpha alikuwa anataka, yenyewe kabisa, na kamera ilikuwa imelala ku mapaja yake. "Fanya kazi yako. Kiisha nitakuambia."

Alijaribu kusoma ile uso. Ilikuwa neno la kufungua ao la kufunga? Macho ilikuwa ya upole, lakini macho ya baba yake ilikuwa ya upole hata siku ile ya kusema kunywa mayi, uende. Alifikiri Jephté ku jiwe, mikono kati ya magoti. Alifikiri pantalon ya rangi ingine, yeyote isipokuwa nyeusi, atamushonesha hata kwa nguvu. Alijikataza kufikiri. Akafikiri tena.

Jua ikaanza kushuka. Kwanza majani ya juu ya safou ikawa na rangi ya mafuta ya ngazi, kiisha ukuta, kiisha mabega ya bleu. Mu jiko Tante Agathe alikuwa anagombana na kuni. Mwangaza ilishuka polepole ku uso ya Papa Lambert, ku paji, ku nyusi, ikaingia mu macho kwa upande, laini, na zile mashimo zikafutika. Iko saa kadogo tu kama hii mu siku nzima, na Orpha alijua kama haitakaa.

"Sasa, papa," akasema. "Usijifanye kitu. Kaa hivyo."

Baba akakaa hivyo.

Orpha akapiga goti moja chini. Viwiko ku mbavu. Akafungua diaphragme mpaka ukuta nyuma ikawa laini. Akaweka jicho ku viseur, na dunia yote ikabaki ile dirisha ndogo: shati ya bleu, shingo, kidevu, uso ya baba yake. Macho kwanza. Akazungusha kidogo, kidogo tena, mpaka macho ikawa safi kabisa, hata mishipa midogo mekundu, hata jua ndogo mbili ndani yake. Hakutetemeka. Picha muzuri kuliko hii hakuwahi kuiona, hata ya Jephté na matone ya mayi. Hakutaka kuharibu. Kwa mara ya kwanza hakutaka kuharibu, alitaka tu ibonyezwe, na kiisha asikie lile neno.

Ilibaki pumzi.

Akashusha kamera kidogo kuangalia kifua. Kifua ilikuwa imeshuka. Muzuri. Kakimya kadogo, Jephté alisema, mbele mutu avute ingine. Angebonyeza pale, lakini alitaka baba aangalie ndani ya kamera, siyo pembeni vile, kule ku njia. Kakimya ile ingepita tu, angengoja ingine.

Pepeo ilikuwa imelala chini ya kiti. Hakuisikia ikianguka. Kuku moja ikapita karibu na miguu yenye kuvimba, ikadonoa jani la pepeo, na hakuna mwenye alisema shi. Nzi ikatua ku mudomo ya juu, ikatembea mpaka pembeni, fasi ile tabasamu ilikuwa imesimama.

Orpha akarudisha jicho ku viseur. Kila kitu ilikuwa safi. Kidole yake ilikuwa juu ya kibonyezo, nusu chini, inangoja kifua ipande.

"Papa," akasema, kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa, bila kuharakisha mutu. "Papa, angalia huku kidogo."